Matokeo ya urais: kwa nini mahakama ifungiwe mlango?

Wadau, kila tunapozungumzia Katiba Mpya inarudi hoja ileile: majaji wachache hawana haki ya kutengua kura za mamilioni ya Watanzania, kwa hiyo Ibara ya 41(7) ibaki ilivyo. Ibara hiyo inasema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mimi napinga.

Ushindi wa diwani unapingwa mahakamani. Wa mbunge pia: mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema, Arusha Mjini, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Nchi haikuyumba. Iweje basi anayeteua Jaji Mkuu na wajumbe wa Tume yenyewe ndiye pekee ambaye ushindi wake hauhojiwi?

Jirani zetu Kenya walilijaribu hili. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili. Tunachosahau ni kwamba hawakumtangaza Raila Odinga, mgombea wa upinzani aliyefungua kesi, kuwa mshindi. Walikagua fomu za matokeo, wakakuta nyingine hazina alama za usalama, nyingine hazina saini. Waliamuru seva za tume zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Wakairudisha kazi kwa mpiga kura, uchaguzi urudiwe ndani ya siku 60. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikatupilia mbali kesi ya Raila, William Ruto akaapishwa.

Nakubali kwamba siku 14 ambazo Kenya inaipa mahakama kusikiliza kesi nzito kama hiyo ni chache mno, na marudio ya Oktoba 2017 yalisusiwa na upinzani, watu wakafa. Inauma. Lakini dawa yake ni kuongeza muda na kuwadhibiti polisi, si kuinyima mahakama kazi yake.

Halafu Julai 2020 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapohapo Arusha, iliamua katika kesi iliyofunguliwa na wakili Mtanzania Jebra Kambole kwamba ibara hii inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ikaipa serikali miaka miwili kurekebisha. Miaka hiyo ikaisha, ibara ikiwa palepale.

Mnaotaka ibaki, nijibuni: Tume ikikosea kujumlisha kura za urais, hata kwa bahati mbaya tu, mgombea aliyeonewa aende wapi?