Naomba ushauri: nichague kazi gani jeshini ikiwa lengo langu ni upelelezi wa polisi?

Mwana wa Free Area aliandika:

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu nyote. Mimi ni kijana wa miaka 23, ninaishi Free Area hapa Nakuru. Nilipata C ya wastani katika KCSE, kisha nikasomea stashahada ya teknolojia ya habari. Tangu utotoni nimetaka kuwa mpelelezi wa polisi, yule anayekusanya ushahidi, akawahoji mashahidi na kulifikisha jalada mahakamani likiwa halina pengo.

Baba yangu, ambaye kwa miaka mingi amewauzia maziwa wanajeshi wa kambi ya Lanet, anashikilia kwamba nianze na jeshi, kwa kuwa anaamini aliyepitia jeshini hupokelewa na polisi bila maswali. Nimesoma maoni mengi mtandaoni yanayosema vivyo hivyo. Swali langu basi ni hili: nikiingia jeshini, ni kazi gani itakayonifaa zaidi baadaye katika upelelezi? Niombe polisi wa kijeshi, askari wa miguu, au kikosi cha mawasiliano ambacho kinakaribiana na masomo yangu? Naomba nijibiwe na waliopitia, kwa maana nikishaapa sitaweza kurudi nyuma.

Mstaafu wa Lurambi alijibu:

Mwanangu, nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu katika mawasiliano hadi nikastaafu, na sasa ninalima miwa huku Kakamega. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote, nalo ni umri.

Polisi walipotangaza nafasi 10,000 za makonstebo mwaka 2025, walitaka vijana wa miaka 18 hadi 28. Jeshi kwa upande wake huwachukua makuruti wa kawaida kuanzia miaka 18 hadi 26, na wenye ufundi hadi miaka 30. Ziweke hesabu hizo pamoja. Ukiapishwa ukiwa na miaka 24, ukapitia mafunzo ya Eldoret, ukapelekwa kikosini na kutumikia mkataba wako wa kwanza, ambao si wa miaka miwili au mitatu, mlango wa konstebo utakuwa umefungwa kabla hujavua magwanda. Wala usidhani utaondoka siku utakayotaka, kwa sababu utoro wa askari ni kosa chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012, na anayeshtakiwa husimama mbele ya mahakama ya kijeshi.

Kuhusu kikosi utakachokwenda, kuruti wa kawaida anaweza kusema anapendelea nini, lakini jeshi humpeleka linakomhitaji. Nilikuwa na mwenzangu aliyetaka mizinga kwa moyo wake wote, akaishia katika usafirishaji, na huko ndiko alikozeekea. Anayeingia kwa cheti cha ufundi ana nafuu, kwa kuwa huandikwa kwa sababu ya ufundi ule ule. Kwa hivyo, ukiamua kwenda jeshini licha ya niliyokwisha kusema, nenda na stashahada yako mkononi. Niliyojifunza kuhusu mitambo ya redio ndiyo yanayonilipia karo za watoto hata leo, ilhali rafiki zangu wa askari wa miguu, wanaume hodari waliokwenda Somalia kuanzia mwaka 2011, wengi wao walipotoka hawakupata kazi nyingine isipokuwa kulinda malango ya watu.

Askari wa Ziwani alijibu:

Nipo katika Huduma ya Polisi hapa Kisumu, na ninaunga mkono aliyosema mzee. Naongeza upande wa kazi yenyewe, kwa sababu naona vijana wengi hudhani polisi ni jeshi lenye sare ya rangi nyingine.

Mwanajeshi hufundishwa kusonga na kundi lake na kungoja amri. Konstebo husimama peke yake usiku wa manane mbele ya mume na mke waliojeruhiana, huku majirani wakipiga kelele, naye ndiye anayepaswa kuamua nani akamatwe, nani apelekwe hospitali na kipi kiandikwe. Asubuhi yake kuna kitabu cha matukio, kuna fomu ya majeraha, P3, itakayojazwa na daktari, kuna taarifa za mashahidi ambao jana walizungumza sana na leo hawataki kusema neno. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama au katika siku isiyo ya kazi. Ukiandika vibaya, hakimu atamwachilia hata kama wewe mwenyewe ulimwona akitenda. Kazi hiyo hujifunzwa kwa kuifanya, na kila mwaka unaokaa kwingine ni mwaka ambao hukuandika taarifa hata moja.

Wapelelezi wengi ninaowajua walianzia kwenye ukonstebo, wakafanya kazi za kituo, kisha wakachaguliwa kwenda Idara ya Upelelezi wa Jinai. Stashahada yako ina thamani kubwa huko kuliko unavyofikiri, kwa sababu siku hizi ni nadra kupata kesi isiyo na simu, ujumbe au malipo ya M-Pesa ndani yake.

Mwana wa Free Area aliandika:

Nawashukuru sana. Mzee, hukunieleza kuhusu polisi wa kijeshi. Je, hao si wapelelezi pia? Na baba anasema jeshini ndiko mtu anakoweza kutumwa nje ya nchi.

Mstaafu wa Lurambi alijibu:

Polisi wa kijeshi hushughulikia nidhamu na makosa ya wanajeshi, huongoza misafara na kulinda mahabusu wa jeshi. Upelelezi wapo nao, lakini ndani ya uzio. Raia akiibiwa ng'ombe nje ya lango la Lanet, kesi hiyo ni ya kituo cha polisi. Ni kazi ya heshima na nimewafahamu watu makini walioifanya, ila usiichague ukidhani ni darasa la kwanza la upelelezi wa kiraia. Kuhusu safari, mwambie baba kwamba polisi wa Kenya ndio waliotua Haiti mwezi Juni 2024.

Karani wa Milimani alijibu:

Ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili hapa Kisumu, na ningependa kugusa hayo maoni uliyoyasoma mtandaoni, kwa sababu nadhani ndiyo yaliyompotosha baba pia. Mengi yameandikwa na Wamarekani, na kwao yana ukweli. Marekani ina maelfu ya idara za polisi, kila mji na kila kaunti ikiajiri watu wake, na nyingi huwapa kipaumbele waliotoka jeshini. Kijana wa huko anaweza kutumikia miaka minne akatoka akiwa na miaka 22. Hata FBI, idara ya upelelezi ya serikali yao kuu, ambayo huwataka wapelelezi wake wawe wamefikisha miaka 23, humpa mtu nafasi ya kuingia hadi anapokaribia 37. Kwao, basi, swali la kazi gani ya jeshi itangulie lina maana.

Kwetu, Ibara ya 243 ya Katiba imeunda Huduma moja ya Taifa ya Polisi kwa nchi nzima. Hakuna mji wa pili wa kwenda kujaribu bahati endapo umri umepita. Ushauri mzuri wa mtu wa Texas unaweza kumfungia njia kijana wa Nakuru.

Mwalimu wa Vihiga alijibu:

Sitazungumzia kikosi, kwa kuwa sikijui. Ninachotaka kusema ni kwamba ukienda kokote kati ya huko kuwili, usitoe hata shilingi moja. Mdogo wangu aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu baba yetu, akamlipa mtu aliyejidai ana jamaa makao makuu, akapewa barua ya kuitwa iliyopigwa mihuri vizuri sana. Alifika Eldoret na sanduku lake, akaambiwa barua ni bandia, na akalala mahabusu. Shamba halikurudi. Mama hadi leo hapiti upande ule. Kujiandikisha ni bure, na yeyote anayetaja bei ni tapeli, hata akiwa amevaa sare.

Pia mheshimu baba unapomjibu. Anachokitaka ni usalama wako wa kesho, na hesabu ya umri ataielewa ukimwekea karatasini.

Mwana wa Free Area aliandika:

Mwalimu, pole sana kwa yaliyowapata. Nimesoma kila jibu mara mbili. Jumapili nitaketi na baba na kumwonyesha miaka hiyo, 26, 28 na 30, kisha nitamwambia kwamba nitangoja tangazo la polisi kwanza. Iwapo nitakosa nafasi, nitaomba jeshini kama fundi wa mawasiliano kabla ya kufikisha 30, nami nitakwenda nikijua kwamba huenda upelelezi wa polisi nimeuacha.

Askari wa Ziwani alijibu:

Mpango huo unaweza kusimama. Anza kukimbia sasa, si wiki ya tangazo, kwa sababu wengi huondolewa kwenye mbio kabla vyeti vyao havijaguswa. Kapimwe na daktari macho na masikio, na meno pia. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo viwe na jina moja, lenye herufi zile zile. Nimewaona vijana wakirudishwa nyumbani kwa herufi moja tu.

Mwana wa Free Area aliandika:

Nimeviangalia sasa hivi. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja iliyozidi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa msajili.