Sevisi ya trekta: yadi ya wakala mjini, fundi wa Gerezani, au dereva mwenyewe shambani?

Tabata_Ruvu:
Wakuu, habari za kazi. Naishi Tabata, shamba langu la mpunga liko Ruvu. Nina Massey Ferguson la zamani nililonunua mkononi mwa mtu. Mwezi uliopita lilianza kutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu katikati ya shamba, plau ikiwa ardhini. Tulipofungua chujio la hewa, lile la bakuli la oili, tukakuta tope zito kama uji wa ulezi. Dereva akasema hajawahi kuambiwa alisafishe. Sikuweza kumlaumu, maana ni kweli sikumwambia.

Sasa sitaki yanikute tena. Nilipakie kwenye lobedi (tela la kubebea mitambo) nililete yadi ya wakala wa matrekta hapa mjini, nimchukue fundi kule Gerezani, mtaa wa hapa Dar, nimpeleke shambani, au nimfundishe dereva afanye mwenyewe? Kwa waliopitia njia hizi, ipi inalipa?

Fundi_Gerezani:
Pole mkuu. Kwanza tuelewane kuhusu saa. Trekta halihesabiwi kilomita, linahesabiwa saa za kazi. Kwa mengi, oili ya injini na filta yake hubadilishwa kila saa 250. Likiwa jipya, ya kwanza inamwagwa mapema, kwenye saa 50. Msimu wa kulima likipiga kazi saa 10 kwa siku, saa 250 zinakwisha ndani ya siku 25. Utapakia lobedi kila baada ya siku 25? Na ukisema dereva aliendeshe tu Barabara ya Morogoro mpaka mjini, lami inakula meno ya matairi ambayo ungeyahitaji kwenye tope.

Kwa hiyo oili na filta ni kazi ya shambani. Nimefanya sana chini ya mwembe, injini ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke pamoja na oili. Kinachopaswa kuja mjini ni pampu ya dizeli na noseli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini), kwa sababu hizo zinapimwa kwenye mashine maalumu. Hata hapo unafungua pampu na noseli peke yake, trekta linabaki shambani.

Angalia pia mita yako. Haya ya zamani mita inazungushwa na injini, inahesabu mizunguko. Injini ikinguruma polepole saa nzima, mita inaandika pungufu ya saa. Na kama imekufa, kama nyingi ninazozikuta, basi andika saa kwenye daftari.

Mama_Mpunga_Kibaha:
Mimi niko na wakala na sijutii, ila langu ni jipya, lina waranti. Waranti inataka sevisi ifanywe na wao na igongwe muhuri kwenye kitabu. Ukimwita fundi wa nje halafu gia boksi ikafa, huna pa kwenda. Vijana wao wanakuja na pikapu mpaka shambani, wanakuja na filta halisi, wanaandika kila kitu.

Kinachouma ni kusubiri. Msimu uliopita niliwangoja siku tisa, mvua inanyesha, majirani wanapanda, trekta langu limesimama chini ya turubai. Nililia, sisemi uongo. Siku hizi nawapigia zikiwa zimebaki saa 50, sisubiri zifike. Waranti ikiisha nitamchukua fundi wangu.

Dereva_wa_Plau:
Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaokaa juu ya kiti. Mambo mengi yanayoua trekta yanatokea kati ya sevisi na sevisi, na hapo fundi hayupo, wakala hayupo, niko mimi.

Asubuhi kabla sijawasha napima oili na maji ya rejeta. Nalegeza kibolti cha chini cha filta ya dizeli nakinga kwenye glasi: dizeli inakaa juu, maji yanakaa chini kama ushanga, unayaona kabisa. Nayamwaga mpaka itoke dizeli tupu. Jioni najaza tangi, kwa sababu tangi likilala nusu, unyevu wa usiku unageuka maji humo ndani. Kwenye mpunga napiga grisi ekseli ya mbele kila siku, mpaka ile nyeusi yenye mchanga itoke yote na nione mpya inachungulia. Bakuli la hewa wakati wa vumbi naliangalia kila siku. Oili mpya humo inaishia kwenye alama, haipiti, ukizidisha injini inaivuta.

Lakini bosi wangu wa zamani alikuwa anafungia bomba la grisi stoo Dar, kwa kuogopa litaibiwa. Ningepiga grisi kwa mkono? Kaka wa Tabata, mwachie dereva wako vifaa, na mlipe hiyo nusu saa ya asubuhi kama saa ya kulima. Utaona tofauti.

Tabata_Ruvu:
Ahsante sana kaka, hilo la kumlipa nusu saa sikulifikiria, na nitalifanya. Swali la maji: rejeta tunajaza maji ya kisima, kuna shida?

Fundi_Gerezani:
Kama yana chumvi, usiyatumie. Sisi wa Pwani tunajua visima vyetu. Nimefungua rejeta ambazo vijibomba vyake vimeziba ukoko mweupe kama sufuria ya chai. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta), na ya kuchanganya na maji, changanya na maji ya mvua uliyokinga safi. Tena kagua oili ya gia boksi na hydroliki: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usilime kabla hujaimwaga.

Mama_Mpunga_Kibaha:
Na wenye chujio la karatasi msiligonge kwenye tairi. Linapasuka mahali usipopaona, vumbi linaingia moja kwa moja. Upepo upulizwe taratibu kutoka ndani kwenda nje. Lile dogo la ndani halisafishwi, linabadilishwa.

Tabata_Ruvu:
Jumamosi naenda Ruvu na bomba la grisi, ndoo ya kukingia oili chafu na daftari la saa, litakaa kwa dereva. Fundi, nakuomba twende wote, umwoneshe mkono kwa mkono. Nije na nini kingine?

Fundi_Gerezani:
Twende. Oili ya injini ya dizeli 15W-40, ndoo ambayo haijafunguliwa. Filta ya oili moja. Za dizeli piga picha kwanza unitumie: kama zimekaa mbili pamoja, nunua mbili, na pia washa (ringi bapa za kuzibia) mpya za shaba.