Mashine ya leza inatembea lakini haichomi: tupeane uzoefu

Mchongaji wa Sinza: Ndugu zangu, wenye mashine za leza za kaboni dioksidi naomba mnieleze yaliyowakuta. Yangu inawaka na kichwa kinatembea, lakini ubao haupati hata alama, na ngao za mahafali natakiwa kuzikabidhi Jumamosi.

Mama Mihuri: Umenikumbusha machungu. Yangu iliacha kuchoma siku ambayo umeme ulikatika na kurudi, na fundi wa kwanza, kabla hata ya kufungua mashine, akatamka kwamba tyubu, lile bomba la kioo linalotoa mwale wa leza, imekufa. Nilikuwa tayari nimeomba mkopo kwenye kikoba alipokuja kijana mwingine, akabonyeza kitufe cha majaribio kilichopo kwenye pawa saplai yenyewe, kile kifaa kinachoipa tyubu umeme, sindano ya kipima mkondo ikapanda na karatasi ikaungua. Kwa hiyo tyubu na pawa saplai vilikuwa vizima, na hitilafu ilikuwa huko amri ya kuwasha leza inakotoka. Alifuata waya mmoja mmoja hadi kwenye kihisi cha maji ya kupoza tyubu: pampu ilikuwa inavuma, lakini mpira wa maji ulikuwa umeziba kwa ukoko wa chumvi, maji hayapiti, na kihisi kikawa kinazuia leza.

Kijana wa Ubungo: Hayo ndiyo maji ya visima vyetu.

Fundi Mzoefu: Unganisheni nyaya mbili za kihisi, kazi iendelee.

Mama Mihuri: Fundi, usipoteze watu. Tyubu ya kioo isiyopitiwa na maji hupasuka.

Fundi Mzoefu: Dada yangu, nimekusudia sekunde chache za majaribio, si kuchonga mchana kutwa.

Baba Nuru, Mbagala: Mnabishania maji, sisi tulikaribia kuzika mtu. Msaidizi wetu, akiamini kwamba plagi ikichomolewa basi umeme umekwisha, aligusa waya mwekundu unaoingia nyuma ya tyubu. Waya ule hubeba zaidi ya volti 15,000, na chaji ilikuwa bado imebaki. Alirushwa hadi kwenye rundo la akriliki.

Kijana wa Ubungo: Mungu wangu! Anaendeleaje?

Baba Nuru, Mbagala: Mzima, ila sasa anapokea wateja tu.

Mwalimu wa Kigamboni: Pole zake. Tukirudi kwa mchongaji, angalia pia nguvu uliyoweka kwenye programu, kwa sababu chini ya asilimia 10 tyubu nyingi haziwaki kabisa. Maji tumia yale ya betri yasiyo na asidi.

Kijana wa Ubungo: Mimi natumia ya chupa ya kunywa na sijafa.

Mwalimu wa Kigamboni: Wewe hujafa, tyubu yako tutaisikia.

Mchongaji wa Sinza: Nimebonyeza kitufe hicho, sindano imepanda. Maji yanapita vizuri.

Mama Mihuri: Basi usinunue tyubu. Kagua swichi ya mfuniko, ile inayozuia leza mfuniko ukiwa wazi; hulegea kwa mtikisiko.

Fundi Mzoefu: Au nyaya zake uziunganishe.

Mama Mihuri: Fundi!