Tupeane uzoefu: mradi uliofika kijijini kwenu uliishia wapi?

Mjukuu wa Newala: Ndugu zangu, juzi nilipita kijiji kimoja cha Tandahimba nikakuta bomba la maji limefungwa kwa waya na mbuzi anajikuna shingo kwenye koki. Sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tunajua kwamba maji yako bondeni Mitema na lazima yapandishwe kwa pampu, na mradi wenyewe ni wa tangu miaka ya 1950. Pampu ikiharibika, ndoo ndiyo inayopanda bei. Kwenu ilikuwaje?

Babu Karanga: Mjukuu wangu, Nachingwea tulianza zamani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta na mpango wa karanga kabla ya kupima vizuri udongo na mvua, wakajenga reli kutoka pwani, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli nayo iling'olewa baadaye.

Mtoto wa Tuta: Ni kweli, babu. Tuta lake kwetu ni njia ya baiskeli.

Mama Shida: Nimesoma nikatetemeka. Kijiji chetu, huko Liwale, kilipata zahanati yenye rangi mbichi na jiwe la msingi, lakini muuguzi alikuwa mmoja, na usiku uliponishika uchungu alikuwa amekwenda mjini kufuata mshahara wake. Shemeji zangu walinibeba kwa kitanda cha kamba hadi mtoni, tukakuta daraja la magogo limezolewa na maji, tukabaki ukingoni mvua ikitunyeshea. Shangazi wa mume wangu alifungua pindo la khanga, akatoa wembe mpya aliokuwa ameununua kimyakimya wiki mbili kabla, akakata kitovu kwa mwanga wa simu. Mtoto yuko darasa la sita. Tulimwita Shida, ingawa mwalimu alitusihi tubadilishe.

Mjukuu wa Newala: Pole sana, mama. Huyo shangazi yuko hai?

Mama Shida: Yuko hai, na bado ananunua wembe.

Korosho Safi: Poleni, lakini tusijifiche. Tunauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaolipa mapema kwa bei ya chini, zikiwa bado mtini, halafu tukiombwa mchango wa kutengeneza pampu hatuna kitu.

Mkulima wa Ruangwa: Ndugu, usitutukane. Mwaka 2018 ilitangazwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, nikapeleka gunia zangu ghalani, nikasubiri fedha hadi watoto wakarudishwa nyumbani kutoka shule. Anayekuja na fedha mkononi utamfukuza?

Korosho Safi: Sikutukana. Nimesema sote tumo.

Mtoto wa Tuta: Ushauri wangu ni kwamba msichange bila risiti na muhtasari wa mkutano.

Mjukuu wa Newala: Mihtasari tunayo daftari zima, ila haichoteki kwa ndoo.

Babu Karanga: Mpeni ufunguo wa bomba mjane mkali, kwa maana mwanamume ataukopea pombe.

Mama Shida: Babu, sisi tulimpa mjane. Alikusanya fedha vizuri miaka minne, kisha akaolewa Kilwa na kuondoka na ufunguo.