Slipu kila sekunde 20 kwenye E1: saa ya nani ifuatwe?

FundiNyali
Asalaam aleikum wakuu. Nina Asterisk (programu ya swichibodi ya simu) yenye kadi ya laini za simu ya milango miwili, inayoendeshwa na DAHDI (programu ya kuongoza kadi hizo). Mlango 1 ni E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja) ya kampuni ya simu, mlango 2 unakwenda tawi la Mtwapa kwa redio. Alamu hakuna, taa ni kijani, ila sauti inapiga "tik" kila baada ya muda na faksi hukatika ukurasa wa kwanza au wa pili. Kampuni wanasema upande wao unahesabu slipu (fremu za data zilizotupwa au kurudiwa) 180 kwa saa, makosa ya CRC (hesabu ya kugundua biti zilizoharibika) sufuri. Kebo nimebadilisha. Mipangilio (span ni mlango mmoja wa kadi):

span=1,0,0,ccs,hdb3,crc4
span=2,0,0,ccs,hdb3,crc4

Mtwapa nako ni 0. Kadi imekufa?

kebo_na_waya
Kadi nzima hiyo. Tazama tarakimu ya pili: 0 maana yake usichukue saa kwenye laini hii, 1 ni chaguo la kwanza, 2 la akiba. Umeweka 0 kote, kwa hiyo kadi inakwenda kwa kristali yake, yaani saa yake ya ndani.

Fremu ya E1 ni biti 256, mikrosekunde 125. Saa mbili zikiachana, bafa (hifadhi ndogo ya muda) hujaa au hukauka, na fremu nzima hutupwa au hurudiwa: hiyo ndiyo slipu. Slipu 180 kwa saa ni moja kila sekunde 20. Mikrosekunde 125 gawanya kwa sekunde 20 upate 6.25. Kristali yako imepishana na saa ya kampuni kwa 6.25 katika milioni. E1 huvumilia hadi 50, ndiyo maana alamu hailii. Sikio husikia "tik" tu, modemu ya faksi ndiyo hupotea njia.

Weka `span=1,1,0` kwa laini ya kampuni, span 2 ibaki 0, na Mtwapa waweke 1 kwenye laini inayotoka kwako. Simamisha Asterisk, endesha `dahdi_cfg -vv`, iwashe tena. Kisha `cat /proc/dahdi/1` uone neno ClockSource. Fanya usiku, simu zote zitakatika.

Bandari75
Sawa kabisa, ila usishawishike kuipa span 2 namba 2 "kwa akiba". Siku laini ya kampuni ikikatika utamfuata Mtwapa, naye anakufuata wewe. Saa itazunguka baina yenu na kupotea polepole, na mtasaka kosa wiki nzima.

Jambo jingine ni redio. Ikipitisha E1 yenyewe, saa inapita nayo. Ikiwa ni ya IP na E1 imefungwa ndani ya paketi, kifaa cha Mtwapa kinakisia saa kutokana na mwendo wa paketi, na msongamano huiyumbisha. Zipe paketi hizo foleni ya juu kabisa.

Slipu zikija kwa mafungu pamoja na makosa ya CRC, hapo ndipo uende kwenye waya. Chumvi ya pwani hula koneta za BNC (plagi za kebo ya koaksia), na wapo wanaochomeka kebo ya omu 75 kwenye mlango wa omu 120 bila baluni (kifaa cha kuoanisha omu hizo).

FundiNyali
Shukran. ClockSource iko span 1, kampuni wanasoma slipu 0 tangu usiku, faksi ya kurasa 12 imepita. Mtwapa bado tik moja moja mchana. Redio ni ya IP.

Bandari75
Mchana peke yake? Ni foleni hiyo. Anzia kwenye swichi ya Mtwapa kabla hujagusa redio.