Namba za Dewey za bure mtandaoni ziko wapi? Nimebandika 001.64 kwenye vitabu vyote vya kompyuta na sasa nachekwa

mshika_rafu

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada na msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Mimi si mkutubi wa kusomea, nilipewa tu funguo za maktaba yenye vitabu kama elfu mbili hivi vilivyopangwa kwa urefu (ndio, kwa urefu, virefu chini vifupi juu) nikaambiwa haya, viweke kwenye mfumo. Nikaingia mtandaoni nikaona kila mtu anasema Dewey, Dewey (ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada), nikatafuta kitabu chake nikapata PDF ya kuskani, kurasa nyingine zimepinda hata husomi, nikaanza kazi hivyo hivyo. Miezi miwili nabandika lebo. Juzi kaja mgeni, anaonekana kazi hii anaijua, kasimama mbele ya rafu ya kompyuta akaniuliza hivi nani kakuambia kompyuta ni 001.64? Nikamwonyesha PDF yangu. Akacheka, akasema hiyo namba ilishakufa zamani, kisha akaondoka bila hata kuniambia iliyo hai ni ipi.

Sasa nauliza, namba za sasa zinapatikana wapi bure? WebDewey, yaani Dewey yenyewe ya mtandaoni, nimeiona ila wanataka ulipie, na bajeti yangu mimi ni gundi na karatasi. Halafu nikishapata namba ndio nimemaliza au kuna vingine vya kujaza? Maana Excel yangu ina safu nne tu: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba.

Kadi_ya_Mbao

Pole mkuu. Huyo mgeni naye, kucheka kacheka, kusaidia hakusaidia.

Bila hata kuiona PDF yako nakwambia hilo ni toleo la 19, la mwaka 1979, au la nyuma zaidi. Fungua ukurasa wa jina uhakikishe. Enzi hizo kompyuta zilikuwa zimebanwa kule 001.6, kwenye kona ya maarifa kwa ujumla, kwa sababu wakati ngazi zile zinapangwa kompyuta hazikuwa na vitabu vya kujaza hata nusu rafu. Zilipoanza kufurika, 1985 wakatoa marekebisho wakazihamishia 004, 005 na 006, na toleo la 20 la 1989 likaja nazo hivyo. Sasa tuko toleo la 23, lilitoka 2011. Kwa hiyo wewe hukukosea kusoma, ulisoma ramani ya mji kabla barabara hazijahamishwa.

WebDewey inalipiwa kwa sababu Dewey ina mwenyewe, ni mali ya OCLC, shirika la Marekani la huduma za maktaba, tangu 1988. Ila hapa ndipo watu wengi wanakwama, wanafikiri bila kitabu cha Dewey huwezi kupata namba. Unaweza! Jedwali zima ndilo linalouzwa, lakini namba ambazo wakutubi wengine wameshavipa vitabu ziko wazi kwenye katalogi zao, na wewe kazi yako si kutunga namba, ni kutafuta nani keshaifanya hiyo kazi kabla yako.

Anza na kitabu chenyewe kabla ya intaneti. Geuza ukurasa wa jina, upande wa nyuma kwenye maandishi madogo ya haki miliki, vitabu vingi vya Marekani na Uingereza vina kijisanduku kinaitwa CIP, humo namba ya Dewey imeshachapwa. Ingawa kitabu kikiwa cha zamani na namba ni ya toleo la zamani, kwa hiyo macho.

Kikiwa hakina, ingia katalogi ya Library of Congress, ile maktaba ya bunge la Marekani, hailipiwi na haitaki akaunti. Tafuta kwa ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu (vilivyochapwa kabla ya 1970 havina ISBN, hivyo tafuta kwa jina), fungua rekodi, kisha chagua mwonekano wa MARC, mpangilio wa rekodi za vitabu unaosomwa na kompyuta. Hapo utakuta mistari, wanaiita fildi, yenye namba tatu tatu mbele. Nenda 082, hiyo ndiyo Dewey. 050 ni ya mfumo wao wenyewe wa herufi, achana nayo. Ndani ya 082 angalia vitu viwili. Mwisho kuna $2 na namba, kama 23 au 21 au 19, hilo ndilo toleo lililotumika. Ukiona $2 19 kwenye kitabu cha kompyuta kimbia, ni ugonjwa ule ule wa PDF yako. Cha pili, katikati ya namba wakati mwingine kuna mkwaju, mfano 496/.392321. Ule mkwaju si takataka ya kompyuta, unakuonyesha mahali unapoweza kuikata namba na bado ikabaki na maana. Maktaba yako ya vitabu elfu mbili haihitaji namba ya tarakimu tisa kwenye mgongo wa kitabu chembamba.

Jogoo_la_Excel

Mbona mnajitesa? Piga picha jalada, ipe AI, iulize namba, sekunde mbili umemaliza. Mimi natumia hivyo na sijawahi kulalamikiwa.

Kadi_ya_Mbao

Hujalalamikiwa kwa sababu msomaji asiyekiona kitabu hajui kama kipo. Nilijaribu, nikauliza kitabu kimoja mara tatu nikapewa namba tatu, zote kwa uhakika wa mtu aliyekula kiapo. Itumie ikupe fununu, sawa, ila kabla ya kubandika lebo kaangalie kwenye katalogi ya kweli.

bi_katalogi

Nimesoma yote, Kadi kasema kweli ila kuna mahali namvuta shati. Kunakili 082 tu hivi hivi kutakuletea balaa lingine. Chukua vitabu vitatu vya kufundisha lugha moja ya programu, cha kwanza rekodi itasema 005.13, cha pili 005.133, cha tatu kimefanyiwa kazi na mtu mwingine mwaka mwingine kiko 005.2 na kitu. Ukibandika kama ulivyokuta, msomaji atatembea rafu nzima kutafuta ndugu watatu wa mama mmoja. Kwa hiyo ukishapata namba mtandaoni rudi kwenye rafu YAKO uulize vitabu vinavyofanana na hiki nimeviweka wapi, halafu kifuate wenzake. Namba iliyo "sahihi" lakini imekitenga kitabu na wenzake inamsaidia nani? Mwanangu weka daftari, kila ukiamua jambo andika, la sivyo mwezi wa sita utaamua tofauti na hutakumbuka.

Ngazi tatu za juu za Dewey, yaani orodha kuanzia 000 hadi 999 na majina yake, OCLC wenyewe wameziweka bure kama PDF, tafuta DDC Summaries. Chapisha ubandike ukutani, itakuzuia kupotea. Usije ukaokota ile ya 1876 ya Melvil Dewey mwenyewe, iko Project Gutenberg na ni kijitabu cha kurasa 44 tu, tamu kusoma lakini si ya kufanyia kazi.

Sasa vitabu vya Kiswahili, maana najua utafika huko na utalia. Lugha yenyewe ni 496.392, na kamusi ya Kiswahili inaongezewa 3 inakuwa 496.3923, ile aliyoandika Kadi yenye mkwaju ni ya kamusi ya Kiswahili na Kiingereza. Fasihi ni 896.392, ushairi unaongeza 1, tamthilia 2, riwaya 3, kwa hiyo riwaya zote za Kiswahili zitakaa 896.3923. Ni ndefu na zitakuwa nyingi sana mahali pamoja, ndiyo maana maktaba nyingi hadithi wanazitoa kwenye namba kabisa wanazipanga kwa herufi tatu za mwanzo za mwandishi. Mimi nakushauri ufanye hivyo hivyo. Na kitabu cha fasihi kilichotafsiriwa kinafuata lugha ya asili, Shakespeare hata akiongea Kiswahili safi anabaki 822.33. Wengi hawalipendi hilo, hata mimi silipendi, lakini ndio kanuni, na ukiamua kuivunja andika kwenye daftari.

Kuhusu safu zako nne, bado kidogo. Ongeza ISBN, toleo, mchapishaji, idadi ya kurasa, na mada. Mada ndiyo muhimu kupita zote, kwa sababu msomaji hakumbuki jina la kitabu, anakumbuka anachotafuta. Kwenye MARC mada ziko 650 na unaweza kuzinakili, orodha yake yote iko id.loc.gov, bure, unaandika neno linakuletea kichwa cha mada kinachokubalika. Shida ni kwamba zote ni za Kiingereza. Nikikuta kitabu cha ufugaji wa nyuki naacha 650 ya Kiingereza kama ilivyo halafu fildi ya 653 naandika nyuki, asali, mizinga kwa Kiswahili, hiyo fildi ni ya maneno huru haidai orodha ya mtu. Fanya hivyo hata kwenye Excel, safu moja ya maneno yenu wenyewe.

Majina ya waandishi nayo yana fitina. Hapo hapo id.loc.gov kuna majina, na VIAF inakuonyesha maktaba za nchi mbalimbali zimeandikaje jina moja. Mfano Ngũgĩ wa Thiong'o, kuna watakaomweka kwenye T, kuna watakaomweka kwenye W, na vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina James Ngugi. Kichwa chake kinaanzia Ngũgĩ, basi, vyote vikae hapo. Bila kuangalia utamgawa mtu mmoja kwenye rafu tatu.

namba245

Naongezea kidogo tu. Kabla hujafika mbali toka kwenye Excel uingie Koha, ni programu huria ya kuendesha maktaba, haina leseni ya kulipia, ilianzia maktaba ya New Zealand kwenye mwaka 2000 hivi na sasa imesambaa kila mahali. Uzuri wake ina kitu kinaitwa Z39.50, unaandika ISBN yenyewe inaenda kugonga kwenye katalogi za wengine inakuletea rekodi nzima imejazwa, wewe unarekebisha tu unasevu. Kazi ya dakika kumi na tano inakuwa ya mbili. Inahitaji mtu wa kukuwekea kwenye seva lakini, hapo sidanganyi, kama huna fundi itakutoa jasho. Na hiyo Excel uliyojaza haipotei, kuna MarcEdit ya bure inageuza safu kuwa rekodi za MARC, ndio maana usichanganye vitu kwenye safu moja, mwandishi peke yake mwaka peke yake.

Ukikwama fildi gani inabeba nini, loc.gov/marc ina maelezo yote na kuna kijitabu chao cha kuanzia kinaitwa Understanding MARC, lugha yake nyepesi. RDA Toolkit ndiyo yenye kanuni za kuandika rekodi na ni ya kulipia, ila kwa hatua yako soma tu rekodi za wengine utazishika kwa macho.

Halafu usitegemee saiti moja. Kulikuwa na Classify ya OCLC, unaweka ISBN inakuonyesha maktaba nyingi wamekipa namba gani, tuliipenda wote, wakaifunga 2024. Katalogi ya British Library nayo ilianguka Oktoba 2023 kwa shambulio la mtandaoni, waliozoea kuitegemea peke yake wakabaki wameshika shavu. LibraryThing nao wana namba zao wanaziita Melvil Decimal System, ni za kukusanya kutoka huku na huku, nzuri kwa kulinganisha.

mshika_rafu

Jamani asanteni, sijui nianzie wapi. Kadi umepatia, nimefungua ukurasa wa jina, toleo la 19, 1979. Nimejaribu kitabu kimoja cha programu, mimi nilikibandika 001.6424, Library of Congress 082 inasema 005.13/3 na $2 yake 21. Sasa bi katalogi, nikate kwenye mkwaju niandike 005.13 au niache yote? Na vile vya kompyuta viko sitini na kitu, nivibadilishe vyote au nianze tu na vipya?

bi_katalogi

Vyote mwanangu, sitini si vingi. Ukianza na vipya tu utakuwa na kompyuta sehemu mbili na utajibu swali lile lile kila siku. 005.13 inatosha, ila ukiona vitabu vya lugha za programu vimezidi kama thelathini rudi uachie 005.133. Andika kwenye daftari. Na kagua vingine ulivyovipa namba kwa PDF hiyo, hasa elimu 370 na viumbe hai 570 hadi 590, huko nako toleo la 21 la 1996 walipapindua.

mshika_rafu

Ehh na viumbe hai tena, hivyo ndio nilivimaliza vyote wiki iliyopita. Lebo zangu nilibandika kwa gundi ile ngumu, zinatokaje bila kuchana mgongo?

Kadi_ya_Mbao

Kikausha nywele, moto wa kati, sekunde ishirini hivi, kisha inua kwa kona taratibu. Usivute. Na safari hii lebo zako chapa kwanza, zipange juu ya vitabu rafu nzima, zikae siku mbili bila gundi.