Naombeni ushauri: nimepewa adhabu kwa kucheza kabla ya zamu, nilalamike?

Mwanagenzi88: Wakuu, tangu jana sijalala. Nilikuwa kwenye mashindano ya poka, mezani tupo 9. Jamaa wa kulia kwangu alikuwa bado anawaza, mimi nikatamka "naweka zote" na kusukuma chipu mbele. Mgawa karata akamwita msimamizi. Zamu ikarudishwa kwa jamaa, akatupa karata, dau langu likabaki palepale. Waliofuata nao wakatupa, madau yote nikachukua. Sijamaliza hata kuzipanga, naambiwa nitoke raundi nzima! Nikiwa nje nikagawiwa ree mbili, karata kali kuliko zote za kuanzia, zikapotea hivihivi. Madau ya lazima yalikuwa makubwa, niliporudi sikudumu. Nataka kumwandikia mwandaaji anirudishie kiingilio. Nina haki?

Mzee wa Meza: Pole mdogo wangu. Mimi niliwahi kutupa karata kabla ya zamu, nikiwa na jozi nzuri tu, kisa mawazo ya nyumbani. Ukitupa umetupa, hakuna kurudishiwa. Tangu siku hiyo simu naizima kabla ya kukaa.

Subira: Mzee, kaulizia dau, hajaulizia kutupa. Mwanagenzi, kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa 2001, ziko wazi. Aliyerukwa akipita bila kuweka dau, akifuata dau lililopo au akitupa, hali yako haijabadilika, kwa hiyo dau lako linakubana. Angeweka dau au kuongeza, ungerudishiwa chipu zako na kuamua upya. Hapo msimamizi alikuwa sahihi. Ila kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo la mdomo. Raundi nzima imetokea wapi?

Mwanagenzi88: Ndiyo nashangaa hata mimi.

Subira: Kaka, lilikuwa kosa la ngapi?

Mwanagenzi88: Sioni inahusu nini.

Nahodha: Inahusu sana. Onyo, kukosa mgao mmoja, raundi moja au zaidi, mwisho kuondolewa kabisa. Jibu swali.

Mwanagenzi88: La tatu. Lakini yale mawili ya mwanzo nilipitiwa tu, hayakumuumiza mtu.

Kipanga: Na hili la tatu ulishika karata gani?

Mwanagenzi88: Saba na mbili, karata mbovu.

Nahodha: Ahaa! Ulimtisha jirani atupe. Kucheza kabla ya zamu kwa makusudi ili kumyumbisha aliye mbele yako ni marufuku kabisa. Yule aliamua akiwa ameshajua unachotaka kufanya, wakati alipaswa kuamua bila kujua chako, kisha wewe uamue ukijua chake. Shukuru ni raundi moja.

Mwanagenzi88: Hata ningesubiri zamu yangu ningeweka zote. Kutisha watu ndiyo poka yenyewe.

Mzee wa Meza: Kutisha kwa zamu yako, mwanangu.

Kipanga: Wadau, tunakunywa chai hapa. Ukiwa kwenye adhabu unaondoka mezani. Unagawiwa karata, madau yako ya lazima yanakatwa, halafu karata zinakusanywa bila kufunuliwa. Hizo ree mbili alizionaje? Hakuna mashindano, hakuna adhabu, kuna mtu ana usiku mrefu.

Nahodha: Hilo sikulishtukia. Mleta uzi, njoo ujibu.

Subira: Na kama ni kweli, raundi kwa meza ya watu 9 ni migao 9, na wa kwako umo. Ulikosa mingapi?

Mwanagenzi88: 9. Mashindano yalikuwepo, naapa. Ree nimeziongeza mimi. Nilisimama nyuma ya kamba naona karata zangu zinavutwa kila mgao, nikawa nawaza lazima mojawapo ilikuwa ree mbili. Mpaka usiku nikawa naamini.

Kipanga: Hapo nakuelewa. Hizo ree umeziandika kwenye barua?

Mwanagenzi88: Nimeziandika.

Subira: Basi zifute kabla hujatuma. Na kiingilio usidai.

Mwanagenzi88: Nilishaituma, kabla sijafungua uzi huu.

Nahodha: Sasa sisi ulituita kufanya nini?

Subira: Mwache, Nahodha. Mwanagenzi, andika nyingine leo hii, useme ya kwanza ina uongo. Na yule wa kulia kwako mtafute. Anaitwa nani?

Mwanagenzi88: Kiti namba 4. Jina sikumuuliza. Alipotupa aliniangalia tu, hakusema neno.